Enoch Sontonga: Mtunzi Aliyeandikwa kwa Jina la Kwanza

Msomaji aliyewahi kununua kanda za injili katika maduka ya River Road, Nairobi, katika mwongo wa 1990 na miaka michache iliyofuata, anayakumbuka majalada yake. Mbele palikuwa na picha ya kwaya nzima iliyojipanga kwa sare, au ya mwimbaji mmoja aliyeinua mkono juu. Chini yake jina la kwaya, jina la kanisa, na orodha ya nyimbo za upande huu na upande ule. Jina la mtunzi lilikuwa la nadra. Wimbo ulioanzia katika daftari la mwalimu wa kwaya huko Kawangware au Kangemi ulifika mtaani ukiwa yatima, ukarudufiwa katika chumba cha nyuma, ukauzwa na wachuuzi wa kando ya barabara, na muda si muda ukaimbwa na kwaya nyingine kana kwamba ni wao tangu azali. Mimi ni miongoni mwa waliozipenda kanda hizo bila kiasi, za kwaya za Kilutheri kutoka Tanzania na za kina Mary Atieno, Faustin Munishi na marehemu Angela Chibalonza, na mara nyingi nimejiuliza ni nani hasa anayestahili shukrani zetu tunapoupenda wimbo wa dini: koo lililouimba au mkono uliouandika.

Swali hilo ndilo linalonipeleka kwa Enoch Mankayi Sontonga. Makala haya hayadai kwamba mtu huyu alikuwa na uhusiano wowote na River Road. Aliishi na kufa Afrika Kusini, na alipofariki Nairobi ilikuwa kambi ya reli iliyoanza kujifanya mji. Hata hivyo, wimbo wake na mji huu ni marika. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na ni katika mwaka huo huo wa 1899 ambapo wimbo wa Sontonga uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza. Tangu wakati huo umevuka mipaka mingi na kuingia katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na umeimbwa na mamilioni ya watu ambao wakiulizwa jina la mtunzi watatazamana.

Sontonga alizaliwa mnamo 1873 huko Uitenhage, Rasi ya Mashariki, katika ukoo wa Mpinga wa Waxhosa. Uxhosa aliozaliwa ndani yake ulikuwa tayari na mapokeo marefu ya nyimbo za Kikristo. Ntsikana, nabii na mtunzi aliyefariki 1821, aliwaachia Waxhosa utenzi wa kumsifu Mungu uliotumia sitiari za ngao, ngome na mchungaji wa mifugo, yaani lugha ya watu wake mwenyewe, kabla misheni haijaota mizizi. Baadaye John Knox Bokwe, msomi wa Lovedale, aliunakili utenzi huo kwa nota na kutunga nyimbo zake mwenyewe. Ninataja haya kwa sababu kuna dhana iliyoenea kwamba nyimbo za kanisa barani Afrika zilianza kama tafsiri na kwamba Mwafrika alingoja miaka mingi kabla ya kutunga. Kwa Waxhosa, angalau, mambo hayakwenda hivyo. Kijana Sontonga aliposimama mbele ya kwaya yake alikuwa na wahenga wa fani hiyo nyuma yake.

Alipata mafunzo ya ualimu katika Taasisi ya Lovedale, chuo cha wamisheni wa Kiskoti kilichotoa kizazi kizima cha wahariri, wachungaji na walimu weusi. Kutoka huko alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Akamwoa Diana Mngqibisa, binti wa mchungaji mashuhuri wa Kanisa la Methodisti la Kiafrika lenye asili ya Marekani, wakajaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mshairi, mpiga picha, na mara kwa mara mhubiri katika kanisa la P. J. Mzimba, mchungaji aliyejitenga na wamisheni mnamo 1898 ili kuanzisha kanisa la Waafrika wenyewe. Tukiyapanga mambo haya pamoja tunaona mtu wa aina tunayoifahamu vizuri: mwalimu wa mshahara mdogo mwenye kazi nne, asiyekosekana arusini wala mazishini, ambaye kila Jumamosi alasiri ana mazoezi ya kwaya.

Johannesburg ya siku hizo haukuwa mji wa kumliwaza mtu. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mnamo 1886, na katika muda wa miaka kumi vijana walikuwa wakimiminika migodini kutoka kila pembe ya kusini mwa Afrika, wakiishi katika makambi ya wanaume watupu na kutembea na vibali mfukoni. Juu ya hayo, mnamo 1896 na 1897 sotoka ilifyeka mifugo kusini mwa Afrika, maradhi yale yale yaliyowafukarisha wafugaji wa Afrika Mashariki miaka michache kabla. Kwa Mxhosa, ng'ombe alikuwa mahari, sadaka, heshima na akiba; kufa kwa ng'ombe kulikuwa kufa kwa mpango mzima wa maisha. Katika 1899 vita kati ya Waingereza na Makaburu vilianza, vikaendelea hadi 1902. Inasemekana kwamba nyimbo nyingi za Sontonga zilikuwa za huzuni, na zilihusu mateso ya Waafrika wa Johannesburg. Sioni ajabu. Ajabu ni kwamba ule uliobaki kuliko zote haulalamiki hata mara moja, unaomba tu.

Nyimbo zake alikuwa akiziandika kwa mkono katika daftari la shule, maneno pamoja na nota za solfa. Hapa inafaa kutua kidogo, maana solfa ni sehemu ya siri ya wimbo huu. Mtindo huo wa kuandika muziki kwa herufi, uliosambazwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, ulipelekwa na wamisheni katika shule zao kote barani. Hauhitaji kinanda wala karatasi yenye mistari mitano. Mwalimu akiwa na chaki na ubao, ataziandika sauti zote nne, na wanafunzi watazinakili. Kwa njia hiyo wimbo uliweza kusafiri ndani ya mfuko wa koti la mwalimu kutoka misheni moja hadi nyingine bila senti moja kutumika. Lakini kila mwenye kunakili alinakili alichokihitaji: herufi za nota na maneno ya kuimba. Jina lililokuwa pembeni mwa ukurasa halikuwa na sauti ya kuimbwa. Wimbo ukapata miguu, mtunzi akabaki nyuma. Kwaya za kwetu zilizojifunza kwa solfa zinaijua hali hiyo, na kanda za River Road zilikuja kuirudia kwa mashine badala ya chaki.

Mnamo 1897 Sontonga alitunga ubeti mmoja na kiitikio cha wimbo wa Kixhosa, Nkosi Sikelel' iAfrika. Haukuwa zaidi ya hapo. Aliutungia wanafunzi wake, na miaka miwili baadaye ukaimbwa katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Boweni, mchungaji wa Kimethodisti wa kabila la Watsonga. Tuzingatie mazingira hayo. Mtunzi ni Mxhosa, anayewekwa wakfu ni Mtsonga, mahali ni mji wa machimbo ambamo kila kabila liliishi kambi yake. Wimbo haumtaji Mxhosa wala Mtsonga, unaiombea Afrika. Leo jina hilo limechakaa kwa kutumiwa katika hotuba, lakini mwaka wa 1897 mwalimu wa shule ya misheni aliyeliweka bara zima katika sala ya watoto wa darasani alikuwa anafanya jambo ambalo wanasiasa walihitaji miaka mingine 15 kulifikia, na hata walipolifikia walilazimika kuazima wimbo wake.

Kuna wanamuziki wanaodai kwamba lahani yake imetokana na Aberystwyth, wimbo wa kanisa uliotungwa na Joseph Parry wa Wales na kuchapishwa 1879. Mgala muue na haki yake mpe: mfanano upo, hasa mwanzoni, na mwalimu wa misheni asingeweza kukwepa nyimbo za aina hiyo zilizokuwa zikimzunguka. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hoja hiyo hutiliwa uzito usiostahili. Wimbo wa Parry una masikitiko ya mtu mmoja anayetafuta hifadhi. Ule wa Sontonga unakwenda kwa hatua fupi zinazojirudia, sauti moja ikiita na nyingine zikiitika, na hukaa vizuri zaidi katika umati wa watu wasiofundishwa kuliko katika kwaya ya mashindano. Tunaofundisha fasihi simulizi tunajua kwamba anayepokea umbo na kulitumia kwa haja ya watu wake hatuwezi kumwita mwizi kwa jambo hilo pekee. Tungefanya hivyo tusingebakiwa na mtunzi hata mmoja.

Sontonga alifariki 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi, kwa maradhi ya tumbo na kidole tumbo kilichopasuka. Kitabu chochote hakikuwa kimechapishwa kwa jina lake. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, na sauti yake haikunaswa katika santuri yoyote. Daftari lilibaki nyumbani kwa mjane, na kwaya zikawa zinakwenda kuliazima.

Kilichofuata ni maisha ya wimbo, nami nitayapitia upesi kwa kuwa yanajulikana zaidi kuliko ya mtu mwenyewe. Kwaya ya Taasisi ya Ohlange, shule ya John Dube huko Natal, iliupenda na kuuimba katika matamasha Johannesburg. Tarehe 8 Januari 1912, chama kilichokuja kuitwa African National Congress kilipoundwa Bloemfontein, uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano. Mnamo Oktoba 1923 Solomon Plaatje, katibu wa kwanza wa chama hicho, aliuimba London na kuurekodi katika santuri kwa mara ya kwanza. Huyu ndiye Plaatje aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kitswana, kama Julius Nyerere alivyokuja kufanya kwa Kiswahili. Mwaka 1925 chama kikaufanya wimbo wake rasmi. Mwaka 1927 mshairi mkubwa wa Kixhosa, S. E. K. Mqhayi, aliuongezea beti saba, zinazowaombea machifu, vijana, wake kwa waume, wachungaji na kazi za mikono. Beti hizo ni nzuri, na ni za mtu mwenye ufasaha kumshinda Sontonga. Lakini umati hadi leo huimba ubeti wa mwalimu wa shule.

Diana Sontonga alifariki 1929. Yasemwa na wanahistoria wa Afrika Kusini kwamba aliuza haki za wimbo huo kwa peni sita. Wimbo ulikuwa tayari wimbo rasmi wa chama cha ukombozi, umekwisha kurekodiwa London, na mjane wa mtunzi alipata peni sita. Hakuna haja ya kumlaumu. Mama mwenye mtoto na bila mshahara wa mume huuza kilichopo kwa bei iliyopo. Katika Johannesburg hiyo hiyo Solomon Linda alirekodi wimbo wake Mbube mnamo 1939, akapewa shilingi kadhaa, na akafa maskini mnamo 1962 huku wimbo ukiwatajirisha wengine ng'ambo. Kwetu tunao mfano wa Malaika. Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi, alifariki 2001 ugomvi kuhusu mtunzi wake halisi ukiwa haujesha. Chama cha Hakimiliki za Muziki cha Kenya kiliundwa 1983, na Sheria ya Hakimiliki ikapitishwa 2001, ikitaka kila nakala halali ibandikwe stika ya uthibitisho. Stika ilifika River Road kanda ikiwa inakaribia kufa na visahani vikiwa vinarudufiwa kwa kompyuta. Waimbaji wa injili walikuwa katika hali ngumu kuliko wenzao wa dansi, kwa maana kila walipodai chao waliambiwa kwamba wimbo ni wa Bwana. Hoja hiyo ina ladha ya ibada, lakini aghalabu iliyatoka makinywani mwa watu waliokuwa wakihesabu noti.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, sehemu yenye uhondo zaidi ni safari ya wimbo huu kuingia lugha yetu. Tanganyika ilipopata uhuru mnamo Desemba 1961 iliuchukua kuwa wimbo wa taifa, Mungu Ibariki Afrika, na Tanzania inauimba hadi leo. Zambia iliutumia mwaka 1964, kisha mwaka 1973 ikabaki na lahani na kuandika maneno mapya. Zimbabwe ilikuwa nao kwa Kishona tangu 1980 hadi 1994. Afrika Kusini yenyewe iliuhalalisha 1994, na mwaka 1997 ikauunga na wimbo mwingine kuwa mmoja.

Tafsiri ya Kiswahili si neno kwa neno, na ni vyema kuichungua. Neno la kwanza la Kixhosa, Nkosi, lina maana ya Bwana na pia mtawala wa jadi. Neno lililokuwa karibu zaidi nalo kwa Kiswahili ni Bwana, lakini Bwana katika Tanganyika ya 1961 alikuwa ama Yesu wa Wakristo ama mzungu wa ofisini. Kwa kuchagua Mungu, mtafsiri aliufungua wimbo kwa Mwislamu, Mkristo na mwenye dini ya jadi kwa pamoja. Pili, katika Kixhosa Sontonga aliomba pembe ya Afrika iinuliwe. Picha hiyo ina mizizi miwili: Zaburi, ambamo pembe ni nguvu na fahari, na zizi la ng'ombe, ambamo kila mtoto wa Kixhosa aliijua pembe kabla ya kujua herufi. Tukikumbuka kwamba wimbo ulitungwa mwaka wa sotoka, pembe hiyo inauma. Katika Kiswahili pembe imeondoka. Badala yake wanaombewa viongozi, na nchi inatakiwa busara, mshikamano na utulivu. Tatu, kiitikio cha Sontonga kilimwita Roho Mtakatifu ashuke. Cha Kiswahili kinawaombea baraka watoto wa bara. Hivyo wimbo wa ibada uligeuzwa kuwa wimbo wa dola yenye dini nyingi kwa kubadilisha mambo matatu tu, bila kuigusa lahani. Nadhani mtafsiri alifanya kazi ya hekima kubwa. Nadhani vilevile kwamba kuna kitu kilipotea, kwa kuwa maneno ya dola hayawezi kamwe kuwa na pembe.

Wakenya twaweza kujipongeza kidogo hapa. Wimbo wetu wa taifa uliandaliwa 1963 na jopo la watu watano ambao majina yao yamehifadhiwa, akiwamo Mchungaji Thomas Kalume na mwalimu wa muziki George Senoga-Zake. Lakini lahani waliyoitumia ni ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto, na hakuna jopo lililowahi kumwandika mama wa kwanza aliyeuimba pale Tana.

Kuhusu kaburi la Sontonga, habari yake ni kama ifuatavyo. Kwa miongo mingi hapakuwa na aliyejua lilipo. Katika miaka ya 1990, serikali mpya ya Afrika Kusini ilipotaka kumheshimu, watafiti walipekua daftari za makaburi ya Braamfontein wakitafuta herufi ya S, wasimpate. Ilipopekuliwa herufi ya E, alikuwapo. Karani wa 1905 alimwandika kwa jina la ubatizo, Enoch, kama alivyozoea kuwaandika watumishi na wachimba migodi, na kuona kwamba linatosha. Tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi, Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa ukumbusho juu ya kaburi hilo, nalo likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mtunzi akatunukiwa nishani ya dhahabu miaka 91 baada ya kufa, ikapokelewa na mjukuu wake.

Daftari la nyimbo halikupatikana. Ndugu na wanakwaya walikuwa wameliazima kwa zamu, kila mmoja akinakili wimbo alioutaka, mpaka aliyeliazima mwisho hakulirudisha. Pamoja nalo zilipotea nyimbo nyingine zote za Sontonga, zile za huzuni.